Fimbo za Mkamwana

Sehemu ya Tisa

Wiki jana niliwaacha uani kwangu, hapa Busale, saa nane mchana wa Ijumaa. Lazaro amesimama katikati ya mikeka ya kokoa, ameigeuza fimbo ya gofu kichwa juu, anaikagua kwa chini kama mtu anayekagua kwato za ng'ombe. Akaniuliza:

"Mama Tulinagwe, fimbo hii nilimpimia nani?"

Nikainama kugeuza kokoa.

Mwanangu Tulinagwe alikuwa hatua kumi tu kutoka pale, amejikunyata nyuma ya jiko, kanga imemfunika mpaka puani. Aliposikia mkwewe anabisha hodi alitupa fimbo chini akakimbia, ndiyo maana Lazaro akaikuta pale mavumbini.

Msimlaumu. Tangu walipoleta ng'ombe za mahari, Lazaro ni baba mkwe, na kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe. Akimwona njiani anaingia shambani mpaka apite. Jina lake halitamki. Na mzee naye sura ya mkamwana wake haijui. Mchungaji ametuambia mara ngapi tupunguze haya mambo. Tunaitikia amina, tunarudi nyumbani, tunaendelea.

Na wewe uliyeanza kusoma leo, shika haya machache twende pamoja. Lazaro amekaa Malawi miaka ishirini na sita, kwenye karakana ya klabu moja ya gofu. Kazi yake ilikuwa kumpima mtu na kumtengenezea fimbo zinazomfaa yeye, si mwenzake. Mwaka jana amerudi, akafunga jiliwa lake, lile koleo la mezani la kubania vyuma, kule Mbugani, na wachezaji wa shamba la chai la kule milimani wakaanza kumfuata. Kabla hajarudi, mwanawe Aliko, aliyemtolea Tulinagwe mahari, alikuwa ameshawafundisha Tulinagwe na Hellen, dada yake Aliko, kupiga mipira kwenye majaruba ya mpunga yaliyovunwa. Tulinagwe akatokea hodari. Aliko mwenyewe sasa yuko Karonga, amefuata fimbo za mtumba, wala hajui yanayoendelea huku.

Basi, watu wa shamba la chai wakaandika barua. Wanataka mwanamke wa kuwafundisha wake na watoto wa wageni wao mchezo wa gofu. Kazi ya kudumu, na nyumba huko juu milimani. Aje Jumamosi wamjaribu.

Lazaro akapeleka jina moja tu. La Tulinagwe.

Jumamosi ni kesho.

"Njoo uone," Lazaro akaniita. "Hapa karibu na bomba, mpini huu mrefu, tunaita kisigino. Pamechubuka mpaka pamekuwa peupe. Huku mbele, kidoleni, ni papya kabisa kama pametoka dukani. Unaelewa?"

"Sielewi, Baba Aliko."

"Fimbo ni ndefu kwake, na imesimama mno. Akipiga, kisigino kinachimba chini. Na jaruba mwezi huu ni tofali. Fimbo inamzungukia mkononi, kishindo chote kinaingia kwenye kiganja." Akanitazama. "Haumwi mkono huyu mtoto?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema, akina mama wenzangu. Wiki tatu nilikuwa namkanda mwanangu kiganja cha kushoto kwa maji ya moto na chumvi. Wiki tatu namwambia vumilia, fimbo za mkwe hazilalamikiwi, watasema umelelewa vibaya.

"Haumwi," nikasema.

"Haumwi kitu," akadakia mtu nyuma yangu.

Alikuwa Marta, mkewe Lazaro, anaingia kwa upande wa migomba hata hodi hajapiga. Hellen alimfuata na mkoba wa zile fimbo sita nyingine za Tulinagwe begani, maana ndiye humbebea mazoezini. Binti mrefu yule, kichwa kizima amempita mwanangu.

"Habari za hapa, Mama Tulinagwe. Usimsikilize huyu mzee, macho yameisha."

"Macho ya kuona chuma bado ninayo," Lazaro akasema. "Nilikata kwa kamba mliyoniletea nyie, ya kutoka kwenye kifundo cha mkono mpaka chini. Raba ya kushikia nikainenepesha kwa ule mkono mliouchora kwenye karatasi. Kukosea kidole kimoja, sawa, nimeshawahi. Hapa nimekosea vidole vitatu. Labda mniambie kamba ilinyeshewa."

"Basi ilinyeshewa," Marta akacheka.

"Na karatasi nayo ilinyeshewa, mkono ukavimba?"

Marta akaacha kucheka. Mimi nikainama kugeuza kokoa ambayo nilikuwa nimeigeuza muda si mrefu.

Nyie mlionifuata tangu mwanzo mnaijua siri ya karatasi ile. Wengine nawaambia. Siku ya kupima, Marta alikuja hapa na Hellen, karatasi ya daftari na kalamu ya risasi mkononi, ili auchore mkono wa Tulinagwe ampelekee mumewe. Mwanangu akauweka mkono mezani. Marta akainua kalamu, kisha akaishusha.

"Hebu fikiria, Mama Tulinagwe," akaniambia siku ile. "Mzee ataushika huu mchoro. Atavipapasa hivi vidole, kimoja kimoja. Ataubandika karakana, wanaume wauone. Si ni sawa na kumshika mkamwana mkono?"

Nilisikia aibu ikinipanda mpaka masikioni.

"Tumchore Hellen," akasema. "Wote wasichana, mikono ni mikono."

Tukamchora Hellen. Na kamba tukaona tumpime huyohuyo Hellen. Upande mmoja aliushika Marta. Upande wa pili, mpaka chini sakafuni, niliushika mimi.

Nilikuwa naona kabisa kwamba yule ni mrefu. Nikaona adabu ni kubwa kuliko urefu.

Sasa Lazaro ananiangalia na fimbo mkononi, na mimi nageuza kokoa.

"Sikilizeni," akasema. "Msumeno ninao kwenye pikipiki, gundi ninayo, raba ndogo ninazo. Jioni hii naweza kuzikata zote saba. Lakini sikati tena kwa kamba. Nataka nimwone anapiga. Mara tatu tu."

"Umwone nani?" Marta akauliza.

"Mchezaji."

"Mkamwana wako apinde kiuno mbele yako, mchana huu, Busale nzima inapita barabarani? Umerudi na akili za wapi wewe?"

Lazaro akatazama barabarani. Miaka ishirini na sita ya ugenini, lakini ni mtu wa hapa. Akafuta kichwa cha fimbo kwa pindo la shati, akafikiri.

"Basi nisimwone," akasema. "Mimi nibaki ndani ya ua wa matete. Yeye apige kule nje, jarubani. Nitasikiliza."

"Utapima fimbo kwa masikio?"

"Kisigino kina sauti yake na katikati pana sauti yake. Nikisikia nitajua nikate kiasi gani."

Jamani, moyo wangu ulifunguka. Njia imepatikana na hakuna aliyeaibika. Nikakimbia nyuma ya jiko nikapiga magoti mbele ya mwanangu.

"Tuli, inuka. Mkwe wako atakusikiliza tu, hakuoni. Piga kama unavyopiga siku zote. Atazikata, kesho utakwenda na fimbo zako."

Akautoa mkono ndani ya kanga. Pale chini ya kidole cha mwisho, kwenye shina la kiganja, palikuwa pamevimba, ngozi inang'aa.

"Juba," akaniita mama kwa Kinyakyusa, kama anavyoniita akiwa na uchungu, "mara mbili nitaweza. Ya tatu sijui."

"Mbili zinatosha, mama."

"Hazitoshi." Marta alikuwa ameshanifuata, na Hellen nyuma yake. Aliuona ule mkono. Hakushtuka hata kidogo, na hilo nililiona lakini nikalipita. "Mama gani wewe? Mtoto ana mkono kama andazi unampeleka akapige? Akipiga legelege mzee atajua mgonjwa, ataandika leo leo kwamba asiende. Kazi imekufa."

"Sasa tufanyeje?"

"Apige Hellen. Mzee asikie, aridhike, aondoke. Tuli apumzishe mkono mpaka kesho."

"Mama, mimi sitaki," Hellen akasema.

"Nani amekuuliza?"

Tulinagwe akanitazama mimi, si wao. "Lakini juba, akipiga Hellen, atakuwa anakata fimbo za nani?"

Mnaona mtoto alivyokuwa na akili. Swali lile lilitosha. Na mimi niliogopa tu ile barua ya kuandikwa leo leo, nikaogopa nyumba iliyoko juu isije ikafungwa mlango.

"Nyamaza," nikamwambia mwanangu.

Lazaro alikuwa amesimama uso kwenye matete, amefumba macho, mikono nyuma. Hellen akachomoa fimbo mkobani, akapita kwa nje, akaingia jarubani. Tukasubiri. Jogoo akawika bila sababu.

Ka.

Sauti safi, nyepesi. Mpira ukaondoka.

Ka. Ya pili vilevile.

Ka.

Lazaro hakusogea. Kisha akafumbua macho, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudishiwa chenji asiyoidai.

"Katikati," akasema taratibu. "Zote tatu katikati. Fimbo hizi hazina kosa. Zimemkaa kama ngozi."

"Nilikwambia," Marta akasema.

"Sizikati. Ukikata hata ukucha unaharibu."

Nikamgeukia Marta. Alikuwa anatabasamu, tena hakuwa ananitabasamia mimi. Alikuwa anatazama jarubani, kwa binti yake.

Hapo, wasomaji wangu, ndipo nilipoanza kuhesabu siku. Nikakumbuka barua ya shamba la chai ilipofika. Marta ndiye aliyesema jina liende la Hellen, na Lazaro akamkatalia mbele yangu, akasema Aliko alishamwambia zamani kwamba aliye hodari ni Tulinagwe. Siku tatu tu baada ya pale, Marta akaja kwangu na karatasi na kalamu, na maneno ya adabu.

Fimbo hazikumkosea Hellen kwa sababu zilikuwa za Hellen tangu siku ya kwanza.

Nikajiambia hapana. Marta ni mwanamke wa kwaya kanisani. Haiwezekani.

Lazaro alikuwa bado na ile fimbo ya kwanza, yenye kisigino kilichochubuka. Akapitisha kidole pale peupe, akarudia.

"Masikio yananiambia hivi, na chuma kinaniambia vile," akasema. "Mmoja ni mwongo. Chuma kinidanganye kwa faida ya nani?"

"Twende nyumbani," Marta akasema.

"Halafu huyu aliyepiga anaguna kidogo kabla ya kupiga. Umemsikia? Mama yangu alikuwa anaguna hivyo hivyo akiinua mchi." Akanigeukia. "Mama Tulinagwe. Nani yuko nyuma ya huu ua?"

"Mkamwana wako," Marta akajibu.

"Sijakuuliza wewe."

Nikisema, Marta ameumbuka, na ndoa ya mwanangu imeumbuka naye. Nisiposema, fimbo hazikatwi. Nikapiga hatua moja kuelekea kwa Lazaro.

Kabla sijatoa neno, Tulinagwe akatoka nyuma ya jiko.

Hana kanga kichwani. Hakuzunguka kwenye migomba. Alipita katikati ya uwanja, akakanyaga mkeka wa kokoa, akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya baba mkwe wake. Akapiga magoti, macho chini, akanyoosha mkono wa kushoto.

"Tata, aliyepiga ni Hellen. Na mkono wa kwenye karatasi ni wa Hellen. Wangu ni huu."

Marta akajifunika uso kwa mikono yote miwili. "Yesu wangu," akasema, na safari hii nadhani alimaanisha.

Lazaro alishafumba macho. Aliyafumba mara tu aliposikia sauti asiyoijua, akayakaza kama mtu aliyeingiwa na moshi. Mkono wa mwanangu ukabaki hewani. Mimi nilikuwa karibu, ningeweza kwenda kuushusha. Sikwenda.

Kisha Lazaro, macho bado yamefumbwa, akatoa mikono yake mbele akaanza kutafuta. Ikapapasa hewa. Ikafika.

Sijawahi kuona jambo hilo toka nizaliwe. Baba mkwe ameshika mkono wa mkamwana.

Kidole gumba chake kikaanzia kwenye kifundo, kikatembea taratibu mpaka chini ya kidole cha mwisho. Kikasimama. Kikabonyeza. Tulinagwe akauma mdomo, machozi yakatoka bila sauti.

"Huu haupimiwi fimbo," Lazaro akasema. "Kuna kifupa kidogo humu ndani, kimevunjika. Nimeona wachezaji wawili kule Malawi. Mmoja alitibiwa mapema, akarudi kucheza. Mwingine walimwambia avumilie. Hakushika fimbo tena, hata jembe lilimshinda." Akauliza: "Tangu lini?"

"Wiki ya tatu."

"Nani alikuwa anajua?"

Jamani, mwanangu hakunitaja.

"Mama Tulinagwe," Lazaro akasema, macho yamefumbwa, uso ameuelekeza pale hasa niliposimama.

"Abee."

"Ulijua."

"Nilijua."

Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Aliuachia mkono ule polepole, akarudi kinyumenyume, anapapasa ukuta wa jiko.

"Apelekwe hospitali ya huko juu milimani, yenye daktari wa mifupa, leo," akasema. "Mimi naenda nyuma ya ghala. Nitageukia ukutani. Akishapita njiani mniite."

Akaenda. Tukasikia anakaa kwenye gogo.

Na wakati huohuo tukasikia gari.

Nilifikiri Mungu amejibu. Gari jeupe, lenye matope, likasimama mbele ya ua. Akashuka mwanaume wa makamo amevaa shati la kazi, karatasi mkononi.

"Mimi Andrea, dereva wa shamba la chai," akasema. "Samahani nimekuja siku moja kabla. Kesho magari yote yana kazi, wamesema mchezaji nimchukue leo, alale hukohuko. Tulinagwe ndiye yupi?"

Hebu simama pale alipokuwa amesimama yeye. Mbele yako kuna binti yuko chini, magoti yana vumbi, uso umelowa, kiganja kimevimba. Na pembeni, anatoka jarubani, kuna binti mrefu ameshika fimbo, mkoba begani.

Hakusubiri hata kujibiwa. Alimtazama Hellen.

Marta akaishusha mikono kutoka usoni. Akauweka mmoja mgongoni kwa binti yake, akamsukuma mbele. Hakutumia nguvu, kama unavyomsukuma mtoto kwenda kumsalimia mgeni.

"Huyu hapa," akasema. "Na fimbo zake hizo, kapimiwa mwenyewe."

"Mama," Hellen akanong'ona.

"Panda gari."

Nikapiga kelele, au nilidhani nimepiga kelele. "Baba Aliko."

"Ameshapita?" Lazaro akajibu kutoka nyuma ya ghala. "Mimi sijageuka bado."

"Bado hajapita," Marta akamjibu kwa sauti kubwa. "Kaa hukohuko."

Naye akakaa. Mwanaume wa adabu.

Andrea akakunjua karatasi yake juu ya boneti. "Binti wa watu, lazima mzazi asaini. Hapa wameandika jina la mama ni Felista. Ni nani?"

"Ni huyu," Marta akanionyesha mimi. Kisha akanikaribia, akanishika kiwiko kama dada yangu, akaniwekea maneno sikioni. "Tuli wako kesho hawezi kupiga, hata usiposaini. Kazi kwake imeshaondoka. Lakini gari hili linapanda kule kule kwenye daktari wa mifupa. Saini, Hellen aende kwa jina lake, na mimi namwambia dereva ampandishe na mwanao. Usiposaini linarudi tupu, na wewe utampandisha mlima kwa bodaboda na mkono ule."

"Marta, ni jina la mwanangu."

"Unataka jina au mkono?"

Nilimtazama Hellen. Alikuwa analia, lakini mguu mmoja ulishakuwa ndani ya gari. Nilitazama ghala. Nikamtazama mwanangu. Alikuwa ameinuka, ameubeba mkono wake wa kushoto kwa wa kulia kama kitu cha kuazima.

"Juba," akasema. "Jina langu."

Andrea aliangalia saa yake, akanisogezea karatasi.

"Hapa, mama, kwenye mstari," akasema, akaniwekea kalamu mkononi, na vidole vyangu vikaishika.